Kilo zako hazitoshi, pima na urefu

Ukipanda mizani ya mtaani pale Ngamiani, Tanga, unatajiwa kilo zako, unalipa, unaondoka. Kilo hizo hazina maana mpaka uzilinganishe na urefu, na urefu ndipo watu wanapokosea.

Simama peku kwenye sakafu ngumu. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele. Vua kilemba, fumua nywele zilizofungwa juu. Mwenzako akulalishie kitabu kigumu utosini, ubavu wake ukibana ukuta, kisha atie alama ya penseli chini yake.

Sasa zidisha urefu kwa urefu, kwa mita. Mwenye mita 1.60 anapata 2.56. Zidisha hiyo 2.56 kwa 18.5, mpaka wa chini, ni kilo 47.4, kisha 2.56 hiyo hiyo kwa 24.9, mpaka wa juu, ni kilo 63.7. Uzito wa afya uko humo katikati. Nafasi ni ya kilo 16, kwa hiyo acha kujitesa kutafuta namba moja. Ile kanuni ya kutoa 100 kwenye sentimita haifai sana: mwenye sentimita 190 inampa kilo 90, ukingoni kabisa.

Tazama kosa la sentimita 4 linavyoharibu. Mwenye kilo 66 na mita 1.60 anapata 25.8 akigawanya kilo zake kwa 2.56: uzito umezidi. Akipimwa na viatu, ikaandikwa 1.64, anapata 24.5, anaambiwa yuko salama.

Mizani nayo isiwekwe juu ya mkeka wala zulia. Jipime asubuhi baada ya choo, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi.

Hata ukipata namba nzuri, pima tumbo. Hesabu ya kilo haitofautishi msuli wa mchukuzi na mafuta ya kitambi, na mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ndiyo yanayokaribisha kisukari na presha. Chukua kamba nyembamba ya katani, ambayo haivutiki kama mpira. Ikate sawa na urefu wako, ikunje katikati, uizungushe tumboni juu ya ngozi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Ncha zisipokutana, tumbo limepita nusu ya urefu. Anza kupunguza hata kama kilo ziko sawa. Saizi ya suruali isikudanganye, wanaume wengi huifunga chini ya kitambi.

Aliyezidi asikimbilie kushuka kilo 20. Mwenye kilo 90 akipunguza 5 hadi 9 tu, presha na sukari huanza kunufaika.

Mjamzito, mtoto na aliyevimba miguu wasitumie hesabu hii. Na ukiona kilo zinashuka bila wewe kupunguza chakula, mathalani kutoka 60 hadi 57 ndani ya miezi sita, nenda hospitali ukapimwe, hata kama bado uko ndani ya kiwango.