Maswali yenu: tuzo za katuni na madoido ya filamu (picha za kubuni zinazotiwa kwenye filamu, sana kwa kompyuta)

*Simba wa The Lion King ya 2019 wametengenezwa kwa kompyuta. Mbona Oscar iliwaweka kwenye madoido, si katuni? (Kijana, Langoni, Lamu)*

Disney wenyewe hawakuipeleka kwenye katuni. Oscar hutaka katuni ndefu ipite dakika 40, na uhuishaji uchukue angalau asilimia 75 ya filamu. Masharti hayo yasingeishinda. Golden Globe, tuzo nyingine ya Marekani, waliiteua kama katuni. Oscar wakaiteua kwa madoido, ikapigwa na filamu iitwayo 1917. Kwangu mimi ni katuni, tubishane hata mpaka alfajiri.

*Nimeunda mashua tangu ujana. Bahari ya filamu ya Life of Pi ni bahari kweli? (Fundi, Matondoni)*

Mashua ilikuwepo, fundi, na maji pia, lakini ni ya tangi lililojengwa Taiwan kwenye uwanja wa ndege wa zamani, likiwa na mitambo ya kupiga mawimbi. Upeo wa bahari, mawingu na sehemu kubwa ya yule chui milia aliyemo mashuani vilitiwa baadaye kwa kompyuta. Wewe itazame pale ubavu wa mashua unapokutana na maji, povu linavyoachana na ubao, kisha manyoya ya chui yaliyolowa. Kazi mbovu huumbuka hapo.

Ilishinda Oscar ya madoido 2013. Rhythm & Hues, kampuni iliyomtengeneza chui huyo, ilikuwa imeomba kinga ya kufilisika siku chache tu kabla. Usiku wa tuzo mafundi wa madoido waliandamana nje, na ndani, mshindi alipoanza kuzungumzia masaibu ya kampuni, muziki ukapigwa na maikrofoni ikazimwa. Sherehe gani hiyo?

*Sanamu ya Oscar ya madoido hupewa watu wangapi? (Msomaji, Shela)*

Wasiozidi wanne, hata kama walioifanyia kazi filamu ni mamia. Tuzo za VES, chama cha mafundi wa madoido, zilizoanza 2003, zina vipengele vingi zaidi, hata cha kiumbe na cha mandhari.

*Mwanangu hukesha akichora kwenye laptop kuukuu. Nimkataze? (Mama, Malindi)*

Usimkataze, Bi. Flow, katuni ya paka kutoka Latvia isiyo na neno hata moja, ilichukua Oscar 2025, na imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure ya uhuishaji. Mwaka mmoja kabla, Godzilla Minus One ya Japani ilishinda kwa madoido ya kikosi cha watu 35 tu, wakiongozwa na mwelekezi mwenyewe, Takashi Yamazaki.

Mwambie aipakue Blender, aanze na kidogo: tanga moja linalojaa upepo kwa sekunde tano. Akimaliza, alioneshe baharia yeyote pale ufuoni. Atamwambia papo hapo kama upepo unatoka upande usiofaa. Laptop aiweke mezani, si godoroni, maana itachemka. Na ahifadhi kazi kila mara, umeme wa kwetu mnaujua.