Mguu Unaotembea Bila Kuhisi

Mwanangu mpendwa,

Sote hapa wazima. Nimesoma ujumbe wako kuhusu babu na kisukari chake. Unauliza inawezekanaje akanyage kipande cha chupa, damu imchirizike asijue, na bado aende msikitini na kurudi kwa miguu yake. Huyo ni baba yangu, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Kuhisi na kutembea ni kazi za seli tofauti za neva, yaani nyuroni. Nyuroni inayoendesha misuli ina mwili wenye kiini, ulio ndani ya uti wa mgongo. Umezungukwa na matawi mafupi ya kupokea taarifa, dendraiti, na kutoka hapo uzi mmoja mrefu, aksoni, hushuka hadi kwenye msuli wa mguu. Nyuroni ya hisia ina umbo jingine kabisa. Mwili wake umekaa pembeni, nje kidogo ya uti wa mgongo, na uzi wake hugawanyika: upande mmoja huenda kwenye ngozi ya kidole, upande wa pili huingia kwenye uti wa mgongo. Zipo pia nyuroni unganishi, zilizo nyingi kuliko zote, ambazo hupokezana taarifa ndani ya ubongo na uti wa mgongo.

Sasa pima urefu. Uzi unaofika kidoleni kwa babu unakaribia mita 1, nao unategemea protini zinazotengenezwa juu kule mgongoni na kusafirishwa hadi nchani. Kisukari cha miaka mingi huudhoofisha uzi huo pamoja na vishipa vya damu vinavyoulisha. Nyuzi ndefu huumia kwanza, tena kuanzia nchani, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni na kupanda kama soksi inayovutwa.

Unene nao una maana. Nyuzi za kuendesha misuli ni nene, zimefunikwa na mayelini, utando wa mafuta unaotengenezwa na seli za Schwann. Katika nyuzi nene kabisa taarifa hukimbia hadi mita 120 kwa sekunde. Nyingi za nyuzi za maumivu ni nyembamba, hazina utando huo, na taarifa hutembea humo karibu mita 1 tu kwa sekunde. Ndiyo sababu ukijikwaa unasikia mchomo mkali kwanza, unaoletwa na zile chache zenye utando, kisha maumivu mazito yanafuata. Hizo nyembamba mara nyingi ndizo kisukari huziwahi. Misuli ya paja, iliyo karibu na mgongo, bado inapata amri zake, naye anatembea.

Lakini usidhani misuli imesalimika yote. Tazama vidole vyake: vikianza kujikunja, misuli midogo ya unyayo imeanza kukosa neva.

Kila jioni mkague nyayo, hata katikati ya vidole. Maji ya kuoga yapime wewe kwa kiwiko, asiyapime yeye kwa mguu. Asitembee peku hata ndani ya nyumba. Na kile kidonda kipelekwe kliniki kesho asubuhi, hata akisema hakimuumi.

Mama yako