Re: Mume anamaliza sahani hata akishiba, mtoto hataki mnafu

Dada wa Moshi, mume aliyekuzwa kwa "usiache hata punje" huzoea kusikiliza sahani, si tumbo. Shibe huchukua kama dakika 20 kujulikana, hivyo mpakulie machalari (ndizi za kupikwa na nyama) nusu ya kawaida, sufuria ibaki jikoni, aongeze baadaye akitaka. Kumsema mezani hakusaidii.

Mtoto huyo wa miaka 3 msimlazimishe. Mnafu ni mchungu, na watoto wengi hukataa uchungu mwanzoni. Mwekeeni kiasi cha kijiko cha chai pembeni ya ndizi, siku tofauti, hata mara 10 hadi 15, nanyi mle mbele yake. Wazazi wengi huacha mara ya tatu, mapema mno! Soda isiwe zawadi ya kumaliza mboga. Ataiona mboga kama adhabu.