Daktari na katekista: tusome kitabu cha nani?

SWALI: Ndugu mhariri, kikundi chetu cha Biblia huku Kampemba, Lubumbashi, kimegawanyika. Tuna vitabu viwili vya kufafanua Injili ya Marko. Kimoja kina "Dr." mbele ya jina la mwandishi, kingine ni cha katekista mstaafu asiye na diploma ya chuo kikuu. Wengine wanasema asiye na diploma hana la kutufundisha. Wengine wanajibu kwamba Petro alikuwa mvuvi. Nani ana haki?

JIBU: Petro mumwache kando. Yeye alishuhudia, sisi tunasoma maandishi tu.

Hiyo "Dr." iulizeni: ya somo gani, chuo gani, na tasnifu ilihusu nini? Aliyeisomea hujibu papo hapo. Shahada ya heshima haina tasnifu wala mtihani. Mtu hutunukiwa kwa mchango wake, na haithibitishi kwamba anasoma Kigiriki, lugha ambayo Injili ya Marko iliandikwa. Hata aliyetetea tasnifu juu ya uongozi wa parokia ni daktari kamili, ila mbele ya hati za kale za Marko ni msomaji kama ninyi.

Kisha fungueni vitabu vyote viwili kwenye Marko 16:9-20. Kodeksi Sinaitiko na Kodeksi Vatikano, nakala za Biblia zilizoandikwa kwa mkono karne ya 4, zinaishia mstari wa 8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Mistari 12 inayofuata imo katika hati nyingi za baadaye, na Ireneo, askofu wa Kanisa la mwanzo, alinukuu mstari wa 19 tayari karne ya 2, kwa hiyo haifutwi kwa kalamu moja. Mwandishi anayeijua kazi atawaambia haya, ataeleza kwa nini wataalamu wengi wanaiona ni nyongeza, kisha atasema yeye anasimama wapi. Anayekimbilia mstari wa 18, wa kushika nyoka na kunywa sumu, bila kugusa suala la hati, msimwamini hapo, hata awe askofu. Wala si mzaha: George Went Hensley, mhubiri wa Marekani aliyeeneza desturi ya kushika nyoka ibadani, aliumwa na nyoka akafa mwaka 1955.

Wa upande wa mvuvi nao wasishangilie mapema. Mwaka 1960, pale Lovanium, chuo kikuu cha Wakatoliki huko Kinshasa, Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi hapo jirani, alikuwa bado mwanafunzi alipobishana hadharani na dekani wake, yaani mkuu wa kitivo cha teolojia, Alfred Vanneste, akitetea teolojia yenye rangi ya Kiafrika. Kwa vyeti, dekani angeshinda kabla ya kufungua kinywa. Mjadala wao unasomwa hadi leo kwa sababu ya hoja. Lakini Tshibangu alikuwa amekaa darasani, akavijua vitabu vile vile vya dekani. Hakutoka barabarani na maono.

Kwa hiyo, katekista akieleza suala la hati na daktari akanyamaza, anzeni na cha katekista. Wakinyamaza wote wawili, viwekeni vyote kando, mkamwulize mwalimu wa Agano Jipya seminarini awatajie kingine.