Kozi amelala sabuleni, mke amelala kwa mamake

Wa alaykum salaam, mwanangu wa Mkomani, Lamu. Barua yako ya kurasa nne nimeisoma mara mbili. Unasema mkeo yuko kwa mamake Matondoni wiki ya tatu sasa, "kwa sababu ya ndege tu", na kwamba mama mkwe ndiye anayemzuia. Unataka arudi, nawe ubaki na kozi wako, ndege wa kuwindia. Pole. Nyumba iliyozoea sauti ya mtoto ikinyamaza, huumiza.

Sasa tuambiane kweli. Kurasa tatu kati ya nne ni za kozi. Umenieleza ulivyomnunua angali kinda kwa kijana wa kijiji cha Hindi, ulivyomkatia vigwe vya ngozi vya miguuni, ulivyokesha naye juu ya glovu hadi akakubali kula mkononi. Kila alfajiri unampima, maana akizidi gramu chache haji ukimwita, na akipungua sana anadhoofika. Kazi hiyo umejifunza vizuri, sikunyimi sifa yako. Mkeo je? Umemtaja mara mbili. Na chini kabisa, baada ya sahihi, umechomeka mstari ambao kwangu ndio barua yenyewe: "Mtoto alikwaruzwa kidogo shavuni, lakini ni jambo dogo."

Jambo dogo! Mtoto wa miaka miwili, kutoka shavuni hadi jichoni ni upana wa kidole. Kinda aliyelelewa na mtu tangu hajaota manyoya humdhani binadamu kuwa ndiye mzazi wake. Akikua hana woga wa watu, hupiga kelele kutwa akidai nyama, na kucha zake hazichagui. Kelele hizo ndizo unazosema majirani wanakuonea kwazo. Hawakuonei. Na mama aliyeona damu usoni mwa mwanawe, akavaa buibui akaondoka naye, hakutumwa na mtu. Mama mkwe wako simlaumu hata kidogo. Amempokea mwanawe na mjukuu wake, basi.

Kisha friza. Umeandika kwa kupitia kwamba mkeo "alikasirikia vifaranga vilivyokufa". Mwenyewe umesema tangu kibarua chako kiishe nyumba inaendeshwa na mahamri yake na barafu za ukwaju na mabungo anazouzia watoto wa mtaa. Vifaranga hivyo vya kumlisha kozi ukaviweka wapi? Humo humo kwenye barafu. Na ndege unampimia mizani yake ya unga. Akufukuzaye hakwambii toka, mwanangu.

Nadhani najua kilichokupata. Mwanamume akikosa kazi hukosa pa kutazama mkewe anapohesabu pesa za usiku. Kozi hakuulizi kitu. Ukimpigia mluzi anakuja, ukajiona mtu tena. Lakini anafuata nyama iliyo kwenye glovu. Wazee wetu walimjua: kozi mwanamandanda, kulala na njaa kupenda. Ndege yule anahitaji nyama, si wewe. Aliyekuhitaji amevuka mlango wako na begi, nawe ulikuwa unaandika gramu daftarini.

Umenitajia UNESCO, kwamba kuwinda kwa kozi ni urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu tangu 2010. Na aya ya nne ya sura ya Al-Maida umeniandikia. Sikupingi: windo la mnyama aliyefundishwa, akatajiwa jina la Mwenyezi Mungu, limeruhusiwa. Ila mwenye wake wawili hugawa zamu, na wewe siku kumi na mbili umelala sabuleni, chumba cha wageni, na ndege ili akuzoee. Zamu ya mkeo ilifika lini?

Ndoa za siku hizi zinanitia huzuni. Tukisikia mke kaondoka tunatafuta mwanamke wa nje, kumbe aliyevunja nyumba tumemwingiza wenyewe mchana kweupe: simu, mirungi, mpira, sasa ndege. Mtu ana saburi ya kukesha na kiumbe asiyesema, na hana dakika kumi za kumsikiliza anayesema.

Kuhusu kozi, usimfungulie tu akaruka. Aliyelelewa hivyo hajui kujitafutia, atakufa njaa au atarudi kushambulia watu sokoni. Kufuga ndege wa porini kunataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na katika barua yako sikukiona. Nenda ofisini kwao kwa miguu yako, ueleze ulivyompata, umkabidhi kabla hawajakujia.

Ndipo uende Matondoni. Usitume mtu wala ujumbe wa simu. Anza kwa mama mkwe, umwombe radhi kwa yale uliyoniandikia kumhusu, kisha umtazame mtoto shavu kwenye mwanga. Friza uwe umeimaliza kuosha kwa maji ya moto na sabuni. Mizani usiiguse tena. Mnunulie nyingine, mpya.