Wacheni dawa kwanza, lisheni mchanga

Kila anayeniuliza mambo ya shamba huku Mombasa neno la kwanza ni dawa ya wadudu, na mi kila mara nawarudisha chini, kwa mchanga. Kisauni, Bamburi, Likoni, kwingi ni mchanga juu ya mawe ya matumbawe, maji yanapita tu na chakula cha mmea kinazama nayo. Sasa mmea wenye njaa utahimili vipi wadudu?

Mi hutia mboji tele kabla ya masika, samadi ya mbuzi iliyooza, maganda ya jikoni, majani makavu. Ya kuku ni kali, usiitie mbichi itachoma mizizi. Halafu juu nafunika na makumbi ya nazi, waombe wauza nazi, wengi hutupa tu, unyevu unakaa na jua halikaangi mizizi.

Lakini jamani hili la jivu! Watu wanaona video za wakulima wa bara, kule udongo wa sehemu nyingi una asidi kwa hivyo jivu linasaidia, wanakuja kulimwaga huku ambako matumbawe yenyewe ni chokaa. Ukizidisha, mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma, majani machanga yanageuka manjano mishipa ikibaki kijani, mtu anadhani ni ugonjwa anakimbilia duka la dawa. Tafadhali jivu wacheni.

Uking'oa bamia ukaona mizizi ina vinundu, hiyo ni minyoo fundo, vijiminyoo vya ardhini vinavyoshambulia mizizi, inapenda sana mchanga. Hapo usirudishe bamia, nyanya wala biringanya, jaza maua ya marigodi kitalu kizima miezi mitatu hivi, halafu mboji tena.

Dawa nayo ipo, sikatai, na miti yake imejaa mitaani kwetu. Twanga mbegu kavu za mwarobaini nusu kilo, loweka kwa maji lita 10 usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, vidukari utawapunguza. Piga jioni tu, kwa sababu jua linaiua nguvu haraka na pia nyuki washarudi kwao, na urudie kila wiki maana haiui papo hapo, inamkatisha mdudu kula na kukua.

Na kama kisima chako ni cha maji ya munyu, maharagwe usijisumbue nayo, panda mchicha, huo huvumilia kiasi.