Mguu wa mrushaji: kuburura si kosa, kusukuma mara mbili ni kosa

SWALI: Mimi ni kocha wa softiboli ya wasichana wa sekondari. Mwamuzi aliita mrusho haramu, ilhali mrushaji wangu alikuwa akiburura mguu tu. Je, hilo ni kosa? – Msomaji, Tudor, Mombasa

JIBU: Hapana, mwalimu. Kuburura kunaruhusiwa. Kosa ni mguu wa nyuma kutoka kwenye kibao (bamba la ardhini anapoanzia mrushaji), kutua mbele yake, kisha kusukuma upya kutoka hapo. Mrushaji huyo anaiba umbali: zile mita 13.11 kutoka kibao hadi besi ya mpigaji zinapungua, na mpigaji ananyimwa muda wa kuuona mpira.

Uangalie mchanga. Mburuzo huacha mstari. Kusukuma upya huacha shimo la pili mbele ya kibao. Mwamuzi wa besi (vituo wanavyokimbilia wachezaji) huliona hili vizuri kwa kuwa yuko ubavuni. Mwamuzi wa nyuma ya mdakaji, yule anayedaka mipira ya mrushaji, huangalia zaidi mikono, na kama hatua ya mbele imekanyaga ndani ya upana wa kibao, sentimita 61. Mazoezini, mchoree mistari miwili ya chokaa kuonyesha upana huo.

Akiona kosa, mwamuzi hunyoosha mkono wa kushoto, ngumi imefungwa, na mchezo huendelea. Mpigaji akifika besi ya kwanza salama na kila mkimbiaji akasogea angalau besi moja, kosa hufutwa. La sivyo, kwa kawaida mpigaji huhesabiwa mpira mbaya, yaani mrusho unaomfaa yeye na kumgharimu mrushaji.

Kosa liitwe tangu mrusho wa kwanza. Kulinyamazia hadi dakika za mwisho ni kuwadhulumu wasichana wa timu zote mbili.